Sanamu ya mwarobaini imepasuka kifuani, mafundi wa zamani wa Ulaya walifanyaje zao zikadumu miaka 500?

FundiWaMagongo

Wadau hamjambo, habari za kaskazi hili. Mie ni mchongaji huku Changamwe, nilianza kushika tezo nikiwa darasa la sita kwa baba mdogo, twiga na vifaru na vinyago nshachonga mpaka siwezi kuhesabu, lakini mwaka huu nikapata oda ambayo sijawahi kupata, sanamu ya mama amembeba mtoto, futi tano na nusu, gogo moja, ya kusimama ndani ya ukumbi. Nikatafuta gogo la mwarobaini kule Kilifi, limenyooka, halina fundo kubwa, nikalikalia wiki tisa. Nikalipiga msasa, nikalipaka nta, likapelekwa, mwenyewe akafurahi akanilipa nusu.

Wiki ya tatu napigiwa simu. Imepasuka. Ufa umeanza shingoni, umeshuka kifuani, umepita karibu na mkono wa mtoto mpaka kwenye goti la mama, kidole cha shahada chaingia chote. Kumbe ule ukumbi una AC yanguruma usiku na mchana na mimi hilo sikuambiwa. Sasa sanamu imerudishwa iko kwangu chini ya turubai na nusu ya pesa imebaki huko huko, na kila nikiipita asubuhi moyo waniuma, si ya pesa peke yake, uso wa yule mama ndio uso mzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga.

Swali langu ni hili. Mtoto wa dadangu alinionyesha kwenye simu picha za sanamu za makanisa ya Ulaya, za mbao kabisa, watakatifu wakubwa kuliko mtu, ati zina miaka 500 na kuzidi, na kule kuna baridi ya barafu halafu lawaka jua la kiangazi, na mbona hazina ufa kama huu wangu? Nyingine zina rangi mpaka mishipa ya mikono yaonekana. Walitumia mti gani? Waliukausha vipi? Kuna dawa walipaka? Najua humu kuna waliosoma haya mambo na wengine wameyaona kwa macho. Nifunzeni jamani, halafu mniambie kama hii yangu yaokoleka.

TezoNaPatasi

Pole sana fundi. Kwanza usiipige msumari wala usiimiminie gundi ya aina yoyote sasa hivi, itoe hapo chini ya turubai uiweke ndani, kivulini, upepo usiipige moja kwa moja, sababu ntakwambia. Pili nikuulize, mgongoni uliichimba? Nadhani hukuichimba, kwa sababu kwetu hatuchimbi, tumefunzwa gogo ni zima mbele na nyuma na mnunuzi akizunguka aone kazi pande zote.

Mie nilikaa Ujerumani miaka minne, msaidizi kwenye karakana moja ya kutengeneza sanamu za kale za mbao. Siku ya kwanza nikamkuta mtakatifu amelazwa kifudifudi juu ya magodoro. Nikamzunguka nikasimama hapo nisiamini. Mbele ni mtu mzima, ana ndevu, ana kanzu yenye mikunjo kama nguo iliyoanuliwa sasa hivi. Nyuma ni mtumbwi. Wallahi ni mtumbwi, umechimbwa kwa tezo na bobari, ile patasi ya makali ya mviringo, kuanzia mabegani mpaka chini, na alama za makali zimo humo kama zimepigwa jana, maana yule fundi alijua nyuma itaelekea ukuta wa kanisa na hakuna atakayeangalia.

Hiyo ndiyo dawa yao fundi. Si mafuta wala si nta. Ni kutoa moyo wa gogo.

Sababu yake ni hii. Mti ukikauka haupungui sawasawa kila upande. Kwa urefu haupungui karibu chochote. Kutoka moyoni kuja kwenye ganda wapungua, lakini kuzunguka, kufuata zile duara za ndani, wapungua karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo ganda la nje ni kama mshipi unaojikaza kwenye kiuno ambacho hakitaki kukonda, na mshipi ukizidi kukaza wakatika. Ndio ule ufa wako, na ndio maana ufa wa gogo ukiufuata kwa macho daima wakupeleka moyoni. AC yao imekuharakishia tu, imekausha nje upesi na ndani kungali kuna maji, lakini hata bila AC ungekuja, labda mwakani. Ukishatoa moyo mbao yapata nafasi, yajikunja kidogo kwa ndani, mabega yasogeleana unywele mmoja miwili, basi. Angalia mitumbwi ya mwembe ya wavuvi, jua na chumvi kila siku, na yaishi miaka. Ingekuwa gogo zima ingekuwa imechanuka zamani.

Halafu watu hudhani walingoja gogo likauke miaka kumi ndio waanze. Mara nyingi sivyo. Walichonga mti ungali mbichi mbichi kwa sababu patasi yaingia vizuri, wakachimba nyuma mapema, ukakaukia kwenye hali ya ganda. Na walivyochonga pia ni tofauti na sisi. Gogo walililaza, wakalibana kichwani na miguuni kwenye meza yenye koleo kama jiriwa, waligeuza kama mshikaki juu ya jiko, kwa hiyo mikunjo ya nguo yachongwa ukiwa umeinama juu yake. Ukipanda ngazi ukamwangalia mtakatifu utosini mara nyingi utakuta tundu la ile koleo limezibwa kwa kijiti.

Mti: kusini mwa Ujerumani ulikuwa lindeni, mti laini, nyuzi zake ziko sawa kiasi kwamba patasi yapita kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikata bila kung'oa vipande. Tafuta picha za Tilman Riemenschneider, fundi wa mji wa Würzburg, alifariki 1531. Kuna kazi yake mji wa Rothenburg, aliichonga kama 1501 mpaka 1505, karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi, na nyuma yao kuna vidirisha vya vioo, mwanga wa nje wapenya katikati ya vichwa. Hiyo hakuipaka rangi za nguo na ngozi, aliacha mbao yenyewe ionekane. Na Kraków kule Poland kuna ya Veit Stoss, 1477 hadi 1489, watu wa katikati wana zaidi ya mita mbili na nusu kila mmoja, wa lindeni, hiyo ndiyo imejaa dhahabu na rangi. Kaskazini, upande wa Antwerp na Brussels, walitumia mwaloni, na Antwerp chama cha mafundi kilikuwa chaipiga mbao chapa ya mkono kuonyesha imekaguliwa. Yaani mbao mbovu ilikuwa aibu ya mji mzima.

Ila nisikudanganye, nyufa wanazo. Nimezishika. Nyingi walizijaza wenyewe kabla kazi haijatoka, kijiti chembamba cha mti ule ule, nyuzi zikielekea upande ule ule, gundi, halafu kitambaa cha kitani juu yake, halafu rangi. Picha ya simu haitakuonyesha.

Kibokoni_Ndani

Mwarobaini yakhe ndio makosa. Chukua mhugu au mpingo, ule ni mti wa kazi.

TezoNaPatasi

@Kibokoni_Ndani mhugu umebaki wapi ndugu yangu? Mpingo wa upana wa mtu mzima utaupata msitu gani? Wachongaji wa pwani wamehamia mwarobaini kwa sababu ile miti tuliimaliza na huu waota kila ua. Na mpingo wenyewe ukiuacha na moyo wake wapasuka, tena huo hupasuka kwa mlio. Makosa si ya mti.

MwalimuWaLikoni

Nimesoma majibu ya TezoNaPatasi mara mbili kwa sababu yamenifungua jambo ambalo nafundisha vipande vipande miaka yote na sikuwahi kuliona kama kitu kimoja. Nafundisha sanaa kidato cha tatu na nne.

Kila muhula wanafunzi wangu wafinyanga kichwa cha mtu kwa udongo, na kila muhula nawaambia mchimbe ndani na kuna wawili watatu hawachimbi. Tukiweka kwenye tanuu vichwa vyao hulipuka, maji yaliyofichwa katikati yageuka mvuke na hayana pa kutokea. Mafundi wa Italia waliofanya sanamu za udongo wa kuchoma walifanya hivyo hivyo, umbo likishasimama walikata nyuma au wakatenganisha vipande, wakachota ndani kukabaki ukuta wa unene sawa, wakaunganisha tena kabla ya kuchoma. Luca della Robbia wa Florence miaka ya 1440 akaongeza vanishi nyeupe yenye bati ndani yake ikichomwa inakuwa kama kioo, ndio zile sanamu za rangi nyeupe na buluu zimekaa kwenye kuta za nje za majengo, mvua yazipiga karne na karne na rangi iko pale pale.

Na ya shaba ni hivyo hivyo kaka. Sanamu kubwa ya shaba si donge. Wajenga kiini cha udongo uliochanganywa na samadi na nywele, juu yake wapaka nta ya unene mdogo tu, kwenye nta ndio wachonga uso na vidole na kila kitu, halafu watia vijiti vya nta viwe njia za kuingilia shaba na za kutokea hewa, wafunika yote kwa udongo, wachoma. Nta yayeyuka yatoka. Palipokuwa na nta sasa pana uwazi, na hapo ndipo wamimina shaba na bati, kama fungu tisa kwa moja, imeyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 1000. Vipini vya chuma ndivyo vyashikilia kiini kisianguke katikati ya uwazi. Kwa nini wasimimine donge zima? Pesa kwanza, na uzito, lakini pia shaba nene yapoa nje mapema na ndani yangali moto, basi yanywea kwa ndani na kuacha mashimo na nyufa. Ule ule mshipi alioutaja TezoNaPatasi.

Fundi Benvenuto Cellini alipomimina sanamu ya Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, pale Florence, kazi aliyoianza 1545 ikawekwa uwanjani 1554, shaba iliganda tanuuni kabla ya kumiminwa, na yeye ana homa kitandani. Akainuka, akatia kuni za mwaloni zenye moto mkali, na kwa sababu bati lilikuwa limepungua akatupa humo sahani na mabakuli ya bati ya nyumbani kwake, kama 200 kwa maelezo yake mwenyewe, na shaba ikalainika ikatiririka. Sanamu ipo mpaka leo pale pale ilipowekwa. Hiki kisa wanafunzi wangu hukipenda kuliko vyote, na mimi pia, kwa sababu mtu aliyekuwa ameshakata tamaa aliamka.

Na msidhani njia ya nta ni ya kizungu. Nendeni Makumbusho ya Lamu mkaione siwa ya Lamu, lile baragumu la sherehe, ile ya shaba. Imefanywa kwa nta hiyo hiyo, na mafundi wa pwani hii. Mimi wanafunzi nawapeleka kwanza kwa siwa ndio baadaye nawaonyesha picha za Florence.

FundiWaMagongo

Jamani nimekaa hapa na simu tangu magharibi chai imepoa. Mtumbwi! Babu yangu upande wa mama alikuwa akichimba mitumbwi Mtwapa na mimi nilikuwa nikimpelekea maji, na sijawahi hata siku moja kuweka ile kazi na hii yangu pamoja kichwani.

TezoNaPatasi sikuichimba. Ni gogo zima na moyo wake ndani.

Sasa mwalimu na wengine, hizo rangi je? Nikishaziba ufa alama itaonekana tu, mwarobaini rangi yake yabadilika badilika. Nikiipaka kama zile za Ulaya yafaa? Na wa marumaru wao walichimba ndani pia?

BintiNdiaKuu

Salaam fundi. La rangi niachie mimi. Napaka rangi sanamu za makanisa na kuzikarabati, hapa Mombasa na Malindi na mpaka Taita nimefika, na alonifunza ni mtawa mmoja Mhispania, Mungu amrehemu, alokuwa hawezi kuvumilia haraka.

Kule kwao Hispania kuchonga na kupaka zilikuwa kazi mbili za watu wawili wa vyama viwili, na mchongaji alikuwa haruhusiwi kupaka bila kufuzu upakaji. Juan Martínez Montañés wa Sevilla, ambaye walikuwa wakimwita mungu wa mbao, alichonga Kristo msalabani kati ya 1603 na 1606, na alompaka ngozi ni Francisco Pacheco, ambaye baadaye alikuwa mwalimu na mkwe wa mchoraji Velázquez. Ukiiona ile sanamu kwenye kanisa kuu la Sevilla waona ni mtu alotulia baada ya mateso, na nusu ya utulivu huo ni brashi.

Njia yenyewe ni hivi. Mbao yapakwa gundi ya ngozi ya mnyama ilochemshwa, ya vuguvugu, ikanywa. Kwenye maungio na nyufa pabandikwa kitambaa cha kitani. Halafu waja mchanganyiko wa unga wa jasi, au chaki kwa wa kaskazini, na ile ile gundi ya ngozi, mkono juu ya mkono, mara sita mara nane, kila mkono ukauke. Mchongaji mbaya hapa mikunjo yake yote yazibika, mchongaji mzuri achonga kwa kina kidogo zaidi akijua pako linakuja. Wasugua mpaka iwe kama ganda la yai. Pa dhahabu papakwa udongo mwekundu laini, wapulizia pumzi, wabandika karatasi ya dhahabu nyembamba hata ukivuta hewa yakimbia, halafu yasuguliwa kwa jiwe la akiki au jino la mbwa mpaka ing'are. Na Wahispania wakaongeza la kwao, juu ya dhahabu wapaka rangi, buluu au nyekundu, halafu kwa kijiti wakwaruza maua na mistari dhahabu ichungulie chini. Kwa mbali waapa ni kitambaa cha zari. Ngozi ni rangi ya mafuta, waanza na ya chini ya kijani au kijivu kidogo, mashavu na magoti na vifundo wekundu, na macho mara nyingine ni vioo, uso wakatwa kama barakoa, macho yatiwa kwa ndani, uso warudishwa.

Na rangi huzikwa na kufufuka pia. Donatello, mchongaji wa Florence, alichonga Maria Magdalena wa mti wa mpopla, amekonda, nywele zimemfunika mwili wote. Watu walimjua ana rangi ya kahawia tu. Mafuriko ya Florence ya Novemba 1966 yakamchafua kwa matope na mafuta, na walipomsafisha ndipo zikatoka rangi za asili chini ya uchafu na mapako ya baadaye, na dhahabu kwenye nywele.

Sasa wewe. Mimi nakwambia usiipake. Kwa sababu mbili. Gundi ya ngozi na unyevu wa Mombasa ni maadui, mvua za masika zikija yaota ukungu na jasi labanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani, mimi huweza kwa sababu nina njia zangu na bado huniadhibu. Ya pili, umesema mwenyewe uso ule ndio uso wako mzuri kuliko zote. Riemenschneider alotajwa hapo juu aliacha mbao wazi, kwa mbali tu macho na midomo imeguswa rangi, kisha pako la kahawia la kupitisha nuru. Fuata huyo. Ufa jaza vizuri, tia rangi ya mbao pale kwenye kijiti tu, na aliye na macho atakayeuona auone.

Kibokoni_Ndani

Haya nimekubali, mwarobaini si makosa. Mie ni mchonga milango, mbao zetu huja tayari zimepasuliwa moyo ushatolewa msumenoni, ndio maana sikuwa na habari na hayo.

La marumaru ntakujibu mimi kwa sababu nimelifuatilia sana. La, hawachimbi, jiwe halina moyo wala duara za kukaza. Adui wa jiwe ni kitu chengine. Marumaru yavumilia kubebeshwa lakini haivumilii kuvutwa wala kupindwa, mkono ulonyooshwa wakatika kwa uzito wake wenyewe. Mita moja mraba kwa kimo cha mita moja ni karibu tani 2.7. Kwa hivyo angalia sanamu za marumaru za Warumi, nyingi zilonakiliwa kutoka kwa za shaba za Wagiriki, mara nyingi kuna kigogo cha mti kimesimama karibu na mguu kama kwa bahati. Si pambo. Ile ya shaba ilisimama kwa miguu miwili mitupu kwa kuwa ni nyepesi na ina uwazi ndani na shaba ina nguvu ya kuvutwa, ya jiwe yahitaji fimbo ya kuegemea. Hata Daudi wa Michelangelo, mita 5.17, ana kigogo nyuma ya mguu wa kulia, na hadi leo wanachunga nyufa ndogo ndogo hapo na kwenye vifundo. Na lile jiwe lilikuwa limeharibiwa na wengine kabla yake, limelala kwenye ua wa kanisa miaka chungu nzima lapigwa na mvua, jembamba, hakuna alolitaka. Akalichukua 1501, akamaliza 1504. Nakwambia hivi fundi kwa sababu na wewe una kitu kilichoharibika uani.

Lingine, mawe mengi huwa laini yakitoka ardhini na yakikaa nje yakauka yakawa magumu. Mawe ya Malta ni hivyo. Na sisi twajua hilo tangu enzi, matumbawe ya baharini mafundi wetu waliyachonga yangali mabichi na maji yake, ndio zile nakshi za mihrabu za misikiti ya kale, leo ukijaribu na patasi yaruka. Waingereza nao walikuwa na alabasta ya upande wa Nottingham, laini hata kisu chaikata, wakajaza makanisa ya Ulaya na vibao vyake.

Na pembe. Karne ya 13 na ya 14 mafundi wa Paris walichonga Bi Mariamu na mtoto kwa pembe za ndovu wa Afrika, na pembe za pwani yetu zilikuwa zikipanda majahazi kwenda Bahari ya Shamu na kuendelea. Wengi wa hao kina Mariamu wameegemea upande, nyonga imetoka, na watu husema ni madaha ya wakati ule, lakini pembe yenyewe imepinda na fundi aliufuata mpindo. Na shina la pembe lina uwazi wa asili, hapo hapati cha kuchonga. Hata pembe, mtumbwi umo ndani yake.

MwalimuWaLikoni

@Kibokoni_Ndani hilo la kigogo nalipeleka darasani Jumatatu. Ahsante sana.

FundiWaMagongo

Nimerudi wadau, siku kumi na moja zimepita. Niliiweka ndani kama TezoNaPatasi alivyosema, ufa ukajifunga kidogo wenyewe, sasa kidole hakiingii, yaingia kadi ya simu. Jana nikailaza kifudifudi juu ya magunia ya makumbi, nikafungua mgongo. Nilitetemeka pigo la kwanza, sitaficha, nikatoboa matundu kwa keekee kwanza kupima kina halafu nikaingia na tezo ya babu, ile ya mitumbwi, ilikuwa yakaa bure kwa mamangu.

Moyo haukuwa katikati. Ulikuwa umesogea upande wa kushoto, na ufa umeufuata moja kwa moja, kama alivyosema. Na humo ndani mbao ilikuwa baridi kwenye kiganja, ingali na maji, wiki tisa za kuchonga na wiki tatu za AC na bado maji. Nimetoa mpaka usawa wa mapaja. Swali moja limebaki, kifuani niache unene gani, na kichwani niingie?

TezoNaPatasi

Acha vidole vitatu, mbao yetu ni ngumu kuliko lindeni na haina haja ya zaidi, ila unene uwe sawa sawa, usiache pengine vitatu na pengine sita, hapo ndipo patakapovutana. Ingiza mkono wa kushoto nje na wa kulia ndani upapase kama mtu anayepima ukuta wa mtungi. Kichwani ingia kwa chini, kupitia shingo, na bobari ndogo, toa moyo tu. Usikaribie uso. Halafu iache mgongo wazi mpaka kusi lianze, ndio ujaze ufa, usijaze kabla. Na huyo mwenye ukumbi mwambie mwezi kabisa, na aiweke mbali na mdomo wa AC.

FundiWaMagongo

Nimempigia asubuhi. Nikamweleza yote, na mtumbwi nikamweleza. Amesema atangoja, na amesema siku ya kuileta niilete mgongo wazi kwanza auone ndani.